Kuchimba Sarafu Jikoni

Jumatatu, tarehe 2

Haya, umeonekana! Siku zote hizo hukanyagi hapa, leo unaingia kufunua masufuria, kisha shajara yangu. Sikwenda shule, herufi nimezidoea kwenye madaftari yenu, lakini sisahau. Soma basi, kitinda mimba wangu, na ule. Umekonda kama ufito.

Ni hivi. Likizo inakaribia, na watoto wa kaka yako wanagombewa tena. Mimi nawataka. Mama wa wifi yako naye anawataka, yule tunayemwita Bi Kiyoyozi, maana hata salamu zake ni za baridi. Likizo iliyopita aliwachukua yeye. Nyumba ikanyamaza, nikawa nabishana na redio.

Safari hii nina hila. Mjukuu wangu mkubwa, yule fundi wa kompyuta, atanitengenezea sarafu ya mtandaoni. Atakayekuwa nazo nyingi Jumapili ndiye atachukua watoto. Kaka yako kakubali. Amechoka na simu zetu.

Jumanne, tarehe 3

Mjukuu ananieleza polepole kama mgonjwa. Hatujengi mtandao wetu. Tunapanga chumba kwenye blokcheni ya watu, yaani daftari la mtandaoni lisilofutika, tunabandika mkataba wetu humo. Sarafu zinachimbwa: kompyuta inabahatisha namba, inabahatisha, ikipata ile inayotakiwa na mkataba, inapewa sarafu. Jembe hakuna. Jasho ni la mashine.

Nikamwambia anitilie fungu langu kabisa. Akakataa! Ati sarafu isiyotolewa jasho ni hongo. Mtoto niliyemfuta makamasi!

Nikabuni lingine. Mashine ikiwa moja, fumbo la hizo namba liwe laini. Zikiongezeka, likaze haraka, na lisilegee upesi. Mimi naanza leo, Bi Kiyoyozi ataambiwa Alhamisi. Mjukuu akauliza kama nina hakika, maana mkataba ukishabandikwa haubadiliki, hata na mwenyewe. Nikamwambia mtu mzima haulizwi mara mbili. Abandike!

Jumatano, tarehe 4

Kompyuta yake kuukuu iko jikoni, inachimba. Inanguruma kama marehemu baba yako usingizini. Na joto lake! Kuku wangu kafa juzi, kaacha vifaranga. Nimeweka boksi lao pale inapopumulia. Wamelala fofofo. Sarafu zinaingia tu. Nimeimba mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini.

Ijumaa, tarehe 6

Balaa! Kumbe Bi Kiyoyozi ana mtoto mwenye duka la michezo ya kompyuta. Kaziwasha zote. Fumbo limekaza kama kifuniko cha chupa ya asali. Wao wengi wanapata, mimi na kikongwe changu hata moja! Nimemwamuru mjukuu alilegeze. Akanikumbusha kuwa mkataba haubadiliki.

Bi Kiyoyozi kanipigia, ati kunijulia hali. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamjibu kisima chake yeye ni mdomo, hauna kina wala maji. Nikakata simu. Nikalia kidogo. Nilikuwa namenya vitunguu.

Jumamosi, tarehe 7

Moshi! Manyoya yameziba feni. Kompyuta imekata roho. Vifaranga wazima, alhamdulillahi.

Jumapili, tarehe 8

Wamekuja wote kutangaza. Nimeshindwa vibaya. Nikawafunga watoto kamba za viatu.

Mara boksi likalia. Yule mdogo akachungulia, akatia kifaranga kwenye kofia, akagoma kupanda gari. Wenzake wakagoma naye. Bi Kiyoyozi akauliza, na sarafu zake je? Kaka yako akamwambia basi azipeleke likizo hizo sarafu.

Akanywea. Nikamhurumia, mshindani wangu. Nikamwambia naye abaki, kitanda ni kipana. Sasa anakoroma kuliko kompyuta.

Na nimeshaona kosa langu. Hila haikuwa na ubaya. Mashine ilikuwa moja!

Kwa hiyo ukija tena, na uje upesi, beba kompyuta. Iwe kubwa, yenye feni pana. Nataka sarafu ya pili, fumbo lake likaze kuliko hili. Na kuku wawili wanaatamia, vifaranga watataka joto. Pitia mlango wa nyuma. Bi Kiyoyozi asikuone.