Vitunguu Saumu Vilivyopakwa Vanishi

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na minne. Nimewazika wenyeviti watatu wa ushirika, punda wawili, na daktari aliyenikataza chumvi. Sasa ushuru wa mpakani unataka kunizika mimi. Haujui unacheza na nani.

Mambo ni hivi. Serikali yetu ilipandisha ushuru wa saruji ya nchi jirani. Jirani kalipiza kwa vitunguu saumu vyetu. Mimi nyumba yangu ni ya udongo, lakini kofi limetua kwangu. Mnunuzi wangu wa ng'ambo kasema kwa ushuru huu hachukui hata punje. Ghala limejaa. Saumu zimeanza kuchipua.

Shemeji, kaka wa mke wangu, kanifuata kwenye mashine ya unga kunipa pole asiyokuwa nayo moyoni. Yeye kauza zake hapa hapa sokoni kwa bei ya kutupa. Kasema nami niuze, kiburi si mbolea. Nikamjibu mbele ya watu mashineni: saumu zangu zisiponunuliwa ng'ambo, shamba la bondeni lima wewe mwaka mzima, upande majani ya ng'ombe wako. Akanipa mkono upesi mno.

Mke wangu kaninyima chai. Shamba lile ndilo linalotulisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Dereva wa lori kanieleza: chakula kina ushuru, mapambo hayana. Basi saumu ikisukwa mikia ikawa shada la kutundika ukutani, ni chakula tena hiyo? Ni pambo. Wenye digrii hawakuliona hilo.

Mke kauliza tangu lini najua kusuka. Nikamkumbusha kuwa nimeoa msusi. Kasema yeye husuka vichwa vyenye akili. Lakini akaketi, akasuka. Shamba ni lake pia.

Alhamisi, 6 Machi

Afisa wa forodha wa upande ule ni binti mwenye pua kali. Kanusa shada, kauliza, babu, hili pambo au mchuzi? Nikasema pambo. Kasema pambo haliliwi, na hili yeye angelitia kwenye sufuria sasa hivi. Karudisha lori zima.

Njiani nikamkuta shemeji anapima shamba langu kwa hatua. Nikapita kama sikumwona. Nikaenda kwa seremala kununua vanishi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepaka vanishi mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Zinang'aa kama jeneza la tajiri. Harufu kwisha. Mke kauliza nani atazila. Nikamwambia tuvuke kwanza, ya kula tutayajua mbele.

Jumamosi, 8 Machi

Tumevuka! Binti kakwaruza kwa ukucha, kakubali, kagonga muhuri. Ushuru hakuna. Kaomba shada moja la ofisini, nikampa kwa madaha.

Mnunuzi kamenya punje, katafuna, katema. Kasema, mzee, mimi nauzia wapishi, siuzi makabati. Nikamwambia vanishi inabanduka. Tukamenya nyingine. Imepenya mpaka ndani.

Nikageuza lori. Upande wetu wananiambia kuwa tangu jana na sisi tumelipiza: mapambo yatokayo ng'ambo yana ushuru. Nikasema hizi zimezaliwa kwangu, nimezimwagilia mwenyewe. Afisa wetu kasema muhuri unasema mapambo, na mimi natokea ng'ambo. Sikuwa na cha kulipa. Wamezishusha, wamezizuia.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja na jembe alfajiri. Nimempa shamba. Neno langu halina gia ya kurudi nyuma. Mwaka huu tutakula kwa mikono ya mke wangu, kwenye vichwa vya watu, na kanikataza hata kuwashauri wateja wake.

Kosa ni moja tu. Mkono mmoja wa vanishi ungetosha.

Nimekaa ukingoni nikimtazama shemeji akipanda majani yake. Kalalamika kuwa maziwa nayo yametiwa ushuru ng'ambo. Nikamuuliza maziwa yapi. Kasema ya kwenye madumu. Basi yaliyo ndani ya ng'ombe hakuna aliyeyataja. Ng'ombe anavuka amejaa, anakamuliwa kule, anarudi mtupu. Nani atamtoza ng'ombe anayetembea? Kesho namwomba aniazime wawili.

Anayedhani natunga akamuulize yule binti wa forodha. Ananijua vizuri, na Jumatatu atanijua zaidi.