Dume la Sakaya na Njaa ya Uchumba

Jumatatu, 6 Februari 1956
Mzee Sumari wa Kikwe ameniita Jumamosi kwa chakula. Ni mtihani! Kwake mchumba huonja tu na kubakiza, ijulikane amefuata binti, hakufuata chungu. Akikomba bakuli, uchumba umekwisha. Na huyo binti, Tabea, nampenda kupita kiasi.
Shida ni moja. Nikiwa na wasiwasi, nakula. Leo ndizi za kuchoma kumi na moja. Mama ameuliza kama nina minyoo.

Jumanne, 7 Februari
Zahanati, kwa mganga wetu msaidizi, Dresa Elirehema, aliyerudi mafunzoni majuzi. Hakunigusa hata tumbo. Amesema tatizo liko kichwani. Mtu akishtuka ghafla, ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage maji fulani kwenye damu, na njaa hukatika papo hapo. Wasiwasi wa siku nyingi hutoa maji mengine, yanayokaa na kudai vitamu na mafuta. Yote huitwa homoni. Dawa yake ni kupumzika na kumweleza mtu kinachokusumbua.
Nimemshukuru. Nimechukua ile sehemu ya kushtuka.

Alhamisi, 9 Februari
Mpango! Nishtuliwe mlangoni kwa Mzee, njaa ikatike, nionje kistaarabu. Rafiki yangu Sakaya wa Elerai analisha ng'ombe Kikwe kiangazi hiki, na ana dume lenye hasira. Nimemwomba alifungulie nikibakiza hatua ishirini kufika. Amesema tangu azaliwe hajaombwa jambo la kipumbavu namna hii. Amekubali.

Jumamosi, 11 Februari
Sakaya amelifungulia mapema! Nilikuwa bado kwenye mfereji, mbali na nyumba. Hofu ilikuja kweli, na njaa ikatoweka. Dresa hakudanganya. Lakini dume lilinipandisha juu ya mkuyu, kisha likalala chini yake kucheua. Saa mbili nzima. Hofu ikaisha, wasiwasi wa kuchelewa ukaanza.
Nimefika koti limechanika. Tabea ameleta loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, bakuli langu na la baba yake. Mzee Sumari ni mzee wa kanisa, na huombea chakula kwa kirefu. Alipofika amina, bakuli langu lilikuwa tupu. Na lake.
Mzee alilipindua lake. Akamwambia mkewe, "Huyu hakuja kuposa. Amekuja kuhamia."


Jumapili, 12 Februari
Tabea amenisubiri baada ya ibada. Amemsihi baba yake, na nimepewa Jumamosi moja tu nyingine. Ya mwisho.
"Elifuraha, mwambie baba uliogopa," amesema. "Yeye siku ya kuposa alikula mpaka bibi mzaa mama akaenda kuomba chakula kwa jirani. Ataelewa."

Jumanne, 14 Februari
Nimetafakari ushauri wa Tabea siku mbili. Una upendo, lakini hauna sayansi. Kosa liko wazi: umbali. Nyuma ya nyumba ya Mzee kuna mizinga ya nyuki, hatua nane tu kutoka mlango wa jikoni. Nimepima. Nitapiga mmoja kwa fimbo, niingie moja kwa moja mezani.
Nimemwandikia Tabea asifunge mlango huo, nitaingia mbio. Bado hajajibu.