Buganvilia Iliyoliteka Jiwe la Nyiragongo

Sogeeni, enyi mliopona moto na mkapona risasi! Zimeni redio zenye habari za waasi, msikie jinsi Mama Léocadie, mjane wa Adalbert, Mshika-Rozari, Mkesha-Akiangalia, alivyolipiga vita jiwe zima kwa mche mmoja.

Mwaka ule mlima Nyiragongo ulipotapika, lava iliufunika uwanja wake wote, ikameza maua, ikaiacha nyumba imesimama kama mtu aliyeibiwa nguo. Na desturi ya parokia yao haikupindika: siku ya Sakramenti Kuu, maandamano husimama penye ua lenye mizizi uwanjani, maua ya kukatwa hayahesabiwi. Tangu enzi za marehemu mumewe, yalisimama kwa Léocadie. Sasa jirani yake Kasoki, ambaye lava ilimkwepa, alikwisha kupiga pasi kitambaa cha meza ya kuipokea Sakramenti kwake.

"Dada, pumzika tu mwaka huu," alisema Kasoki. "Bwana Yesu atasimama ku jiwe?"

"Alizaliwa mu zizi," akajibu Léocadie. "Jiwe ndilo litamushinda?"

Akajifunga kitenge kama shujaa ajifungaye deraya, akapanda mlimani hadi kijiji cha Kibati kutafuta udongo. Alipokuwa akirudi, askari wa waasi akamzuia kwenye kizuizi cha barabarani, bunduki begani.

"Mama, mu ile mufuko muko nini?"

"Udongo, mutoto wangu. Wa maua."

"Maua? Mu hii vita? Si ni madini ya koltani? Mwaga!"

Ukamwagwa. Akatoka nyungunyungu mmoja, mnene, akajinyoosha mbele ya jeshi bila hofu.

"Basi, kamata koltani yako," akasema Léocadie.

Askari akacheka hadi akauchota udongo mwenyewe na kuurudisha mfukoni.

Lakini, ole! Aliutandaza udongo ule moja kwa moja juu ya lava, akapanda waridi, akapanda na maua ya kana. Yote yakalala chali. Kasoki akaja, akanusa.

"Dada, haukupanda. Umepika. Inanuka kama sombe, majani ya muhogo mu sufuria!"

Mjane akaweka kiganja juu ya jiwe kama apimaye homa ya mtoto. Kumbe tumboni lava ilikuwa ingali na moto! Hakulia. Akamwaga changarawe juu ya ufa wa jiwe ili kuzuia joto, akasimamisha juu yake ndoo ya udongo iliyotoboka kitako, akachagua buganvilia, binti wa jua asiyetishwa na kiu. Kila asubuhi alipima joto, akasali Salamu Maria, akanyunyiza maji kidogo.

Ikawa, mkesha wa sikukuu, Padre Edmond akaja kukagua. Buganvilia ilikuwa imetoa kishada kimoja chekundu.

"Mon Père, ile ni ndoo, si uwanja!" akapaza sauti Kasoki. "Tazama, naibeba hivi!"

Akaikumbatia, akavuta. Ndoo haikutikisika. Akavuta tena, kilemba kikaanguka. Padre akapiga magoti, akachungulia: mzizi ulikuwa umepenya tundu, ukapita changarawe, ukazama katika ufa wa jiwe lililokwisha kupoa.

"Mama Kasoki," akasema padre, "acha kuvuta uwanja wa watu."

Kasoki akacheka hadi machozi, akaenda kuleta kile kitambaa alichokipiga pasi, akakitandika mezani kwa Léocadie kwa mikono yake.

Kesho yake kengele zikalia, Sakramenti ikasimama, watu wakapiga magoti juu ya lava yenye ncha iliyowachoma magoti, na hakuna aliyenung'unika. Waasi waliteka miji, na miji ikawaponyoka. Lakini ni jemadari gani, enyi wasikilizaji, aliyewahi kuliteka jiwe kwa ndoo?