Kiini cha Dhahabu cha Tegeta

Jumatatu, 1 Septemba

Habari kubwa! Kubwa mno! Madam Loveness, mwenye shule ya chekechea hapa mtaani kwetu, ametangaza kwamba kila mtoto atakula yai moja la kuchemsha saa nne, pamoja na uji. Anatafuta mtu wa kumletea mayai. Ataamua Jumamosi ya tarehe 13, kwenye kikao cha wazazi.

Mtu huyo ni mie. Nani mwingine? Nina banda zima la kuku nyuma ya nyumba. Nina akili. Muda pia ninao, tangu kiwanda kilipotupunguza kazi.

Tatizo ni moja, nalo linaitwa Mwajabu. Jirani yangu. Naye anafuga. Kuku wake wanataga mayai ya kahawia, wangu meupe. Na leo bombani amewaambia akina mama kwamba kiini cha yai la Gozbert, yaani mie, kimepauka kama mtu aliyetoka kuumwa malaria. Bombani! Mbele ya watu na ndoo zao!

Nimemweleza mke wangu Sekela, ambaye anauza kwenye duka la dawa na husoma kila karatasi ya afya inayopita mbele yake. Kasema rangi ya ganda inatokana na aina ya kuku tu, lishe ni ile ile. Eti la maana yai liwe limetagwa karibuni, liwe safi, na lichemshwe hadi liive. Nikamwambia wateja hawali sayansi. Akaniuliza basi wanakula nini. Mtu mwenye mawazo makubwa hajibu kila swali.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepata! Majani ya chai!

Nimechemsha pakiti nzima kwenye sufuria ya Sekela ya pilau, nikayalaza mayai humo mpaka yakatoka rangi ya kahawia ya kupendeza. Hata kuku wenyewe wasingeyatambua. Nikampelekea trei moja Augustine, kijana wa chipsi mayai pale kona, nikamwambia ni ya kienyeji kutoka shamba.

Jioni Augustine kaja na trei yangu. Kumbe yeye huosha mayai kabla ya kuvunja. Nani huosha mayai? Maji yakawa chai, mayai yakawa meupe, wateja wakiwa wamesimama wanatazama. Kaniuliza kwa heshima zote mayai yangu yametishwa na nini hadi yakapauka vile.

Nikasema ni mbegu mpya. Hakuamini. Sekela naye anaitaka sufuria yake.

Ijumaa, 5 Septemba

Nilikosea wapi? Nilianzia nje. Uzuri wa yai uko ndani!

Mpango mpya, wa kisayansi kabisa. Kiini hufuata chakula cha kuku, Sekela mwenyewe ndiye aliyesema. Basi nitawapa mchicha na karoti ili kiwe cha njano, na dagaa ili protini ijae. Asubuhi nimefika Kunduchi. Twalib, muuza samaki, kanipa kiroba kizima cha dagaa waliovunjika na matumbo ya samaki, bure, tena akanishukuru. Nilishangaa kidogo hiyo shukrani.

Kuku wamechanganyikiwa kwa furaha! Mmoja kampanda mwenzake mgongoni ili afikie sahani. Sekela kaonya niwape kidogo, kila kitu kwa kiasi. Kidogo? Kwa watoto wa watu? Nimewapa mara mbili, na chakula chao cha dukani nimekisukuma pembeni.

Nimeanza mafua. Pua imeziba kabisa. Si kitu.

Jumatano, 10 Septemba

KIINI!

Nimevunja yai asubuhi na nusura niangushe bakuli. Njano! Njano iliyokolea kama embe dodo! Nimetoka nalo hadi barabarani. Nimewaonyesha mafundi ujenzi, nikamwonyesha na mchungaji aliyekuwa anapita zake. Mwajabu kachungulia ndani ya bakuli akanyamaza. Mwajabu kanyamaza! Nimeishi hapa miaka yote hiyo, sijawahi kuona.

Akasema tu kwamba anasikia harufu. Wivu una harufu, naam.

Sijala hata moja, yote nayaweka kwa ajili ya shule. Yale makubwa, yenye umbo zuri, nayapanga dirishani tangu Ijumaa, yapigwe jua yang'ae. Jambo jingine la kutia moyo: paka wa mtaa mzima wamehamia ukutani kwangu. Wamekaa mstari, wanatazama banda. Hata wanyama wanajua ubora.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepeleka mayai shuleni na kumpa Madam Loveness hotuba fupi juu ya lishe. Nimemweleza kwamba yai lina protini ya kujenga mwili, lina vitamini za macho, na vitu fulani vya ubongo ambavyo majina yake yamenitoka. Kafurahi. Kasema kesho atayaokea keki wazazi waonje. Keki! Kutokana na mayai yangu! Mwajabu kaleta yake pia, kwenye kikapu chenye pumba, bila hotuba yoyote. Nimemhurumia.

Jumamosi, 13 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Wazazi walijaa. Keki ilikatwa, njano kama jua. Nilisimama kando nimevaa koti, nikisubiri sifa. Watu wakauma. Wakaacha kutafuna. Wakatazamana.

Bibi Tunu, mwenye umri mkubwa kuliko wote pale, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia taratibu:

"Mwanangu, ungetuambia mapema kama keki ni ya dagaa, tungekuja na ugali."

Ukumbi wote ukalipuka. Mimi sikusikia ladha yoyote, pua ilikuwa bado imeziba! Mtoto mmoja akaomba ndimu.

Hapo ningenyamaza. Mtu mwingine angenyamaza. Mie nikapanda juu ya kiti nikasema ladha ni jambo la mtu na mtu, tupime ubichi wa mayai! Yaliyotagwa karibuni huzama kwenye maji, ya zamani huelea. Nikaagiza ndoo. Tukaanza na ya Mwajabu. Yote yakalala chini, yametulia kama watoto wa bweni. Tukaweka yangu, yale ya dirishani. Yakapanda juu moja baada ya jingine, yakaelea kama maboya.

Madam Loveness kampa kazi Mwajabu. Mwajabu hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma, paka wananifuata.

Jumapili, 14 Septemba

Sekela hajanisema. Kanipikia ndizi, akakaa karibu yangu. Nikamwambia nilitaka mara moja tu, tangu kiwandani, watu wa hapa wahitaji kitu kutoka kwangu. Akanishika mkono. Kasema kuku sio wabaya, na mimi si mbaya, wote tumelishwa vibaya tu.

Mchana kabisha hodi Mwajabu. Watoto ni wengi, kuku wake hawatoshi, anataka tugawane kazi nusu kwa nusu! Keshaongea na Madam. Masharti yake: kuku wale chakula cha kawaida na majani kidogo, mayai yasikae, chai iishie kwenye kikombe. Na tusubiri hadi harufu iwatoke.

Nimekubali kwa heshima. Kisha nimeingia bandani nikatoa chozi. Mafua haya.

Jumatatu, 29 Septemba

Wiki nzuri! Mayai yangu yanakwenda shuleni, hayanuki, yanazama. Watoto wanayamaliza. Bibi Tunu mwenyewe kaniambia mjukuu wake kaomba la pili. Mwajabu kanisifu bombani, mbele ya ndoo zile zile. Sekela anacheka siku hizi. Sina cha kuomba zaidi.

Ila nimekaa nikawaza. Kama dagaa waliingia ndani ya yai, vanila itazuiwa na nani?

Hebu fikiria! Yai ambalo tayari lina ladha ya keki! Mtoto anachemshiwa yai, anakula sherehe! Nimempigia kaka yangu Cyprian kule Bukoba, katuma mfuko wa vanila kwa basi. Leo nimekwenda hadi stendi ya mabasi ya Mbezi Luis kuupokea, nimeubeba kifuani kama mtoto mchanga. Nimeongeza iliki. Na mdalasini. Chakula cha kawaida nimekisukuma pembeni kidogo tu.

Sijamwambia Mwajabu. Wala Sekela. Itakuwa zawadi kwao.

Kuku mmoja kapiga chafya mara mbili. Inaanza kufanya kazi!