Koti la Injini, Mbwa wa Zuzu

Tegeni masikio, enyi mnaolala na soksi mwezi wa saba! Sogeeni, ninyi mnaoujua upepo wetu wa Dodoma, ule unaopita kwenye tundu la ufunguo kana kwamba una hati ya nyumba! Jordan, mjukuu wangu, weka hiyo simu chini. Nataka kunena habari za Batholomeo wa Zuzu, Mpunga Bendera ya Kijani na Nyekundu, Msimamisha Treni kwa Mkono Mmoja, mume wangu wa ndoa ya kanisani. Jinsi alivyotoka kwenda kumtafutia mbwa koti, na kile alichokitoa hadi akalipata.

Mbwa mwenyewe aliitwa Injini. Dume, tena dume hasa. Masikio yake yalikuwa moja na nusu, na ile nusu nyingine alibaki nayo fisi aliyekuja kuwaamkia mbuzi wetu akaondoka bila kuaga. Basi mwaka huo upele ukamshukia shujaa huyu, ukamvua manyoya toka shingoni hadi mkiani, akabaki kama kuku wa Krismasi anayengoja sufuria.

Akaja Evodia, daktari wa mifugo, binti asiyecheka ovyo. Akamchoma sindano, akamsikiliza kifua, kisha akatoa hukumu.

"Babu, upele umekwisha. Manyoya yatarudi mwezi wa tisa. Ila kifua kimeanza kukoroma. Akipigwa na baridi hii bila nguo, huo mwezi wa tisa hatauona. Na nguo iwe kavu, babu. Nguo mbichi ni mbaya kuliko uchi."

Ndipo Batholomeo akasimama katikati ya ua, akavuta suruali juu, akanena kwa sauti iliyowatawanya njiwa: "Mimi niliyesimamisha mabehewa thelathini kwa kipande cha kitambaa, nishindwe na kitambaa cha mbwa? Injini atavaa! Tena atavaa koti, si gunia!"

"Shemeji," akasema Matonya, mdogo wangu, ambaye hajawahi kuiona vita ya mwenzake bila kuvuta kigoda akae atazame, "mimi nina ng'ombe arobaini, wote uchi, na hakuna aliyewahi kunilalamikia."

"Ng'ombe wako hawana adabu," akajibu shujaa, akaondoka.

Vita ya kwanza ilipiganwa mnadani, kwenye mlima wa mitumba wa Hamida. Batholomeo akaupanda mlima ule kwa magoti, akazama hadi kiunoni katika sweta za watoto.

"Mtoto ana umri gani, babu?" akauliza Hamida.

"Miaka tisa."

"Na urefu wake?"

"Kutoka puani, au nitoe mkia?"

Hamida akaacha kupanga nguo, akamtazama juu hadi chini. Sweta aliyorudi nayo Batholomeo ilikuwa na picha ya sungura. Injini alipiga hatua tatu, akaikanyaga mikono, akaanguka kifudifudi mbele ya kuku waliokuwa wakimheshimu.

Vita ya pili akakabidhiwa Anyitike, fundi cherehani, mtoto wa Tukuyu, kwao wanakozaliwa na baridi. Huyu ndiye mshona suti za maharusi wote kutoka njia ya reli hadi kisimani. Alimpima Injini kwa futi kama ampimavyo bwana harusi: mabega, kifua, kiuno. Siku ya nne akaleta koti lenye bitana, lenye miguu minne, na chini ya tumbo safu ya vifungo kumi na viwili, toka kidevuni hadi mkiani.

"Vifungo vyote hivyo, fundi?" nikamuuliza.

"Mama, shikamoo. Koti lisilofungwa hilo ni shuka."

Injini akatoka uani kama waziri anayekwenda kuapishwa. Tukapiga makofi. Akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya lango, kama afanyavyo kila asubuhi ya maisha yake, akainua mguu wa nyuma, akafanya kazi yake.

Ole! Kazi ile haikufika kwenye nguzo. Ilibaki yote ndani ya bitana.

"Shemeji!" Matonya akapiga yowe. "Injini yako inavuja!"

Mara tatu koti lile lilifuliwa, mara tatu likaanikwa, mara tatu likalowa. Mara ya tatu upepo ulikuwa mkali, na Injini akasimama palepale kwenye nguzo akitetemeka, akakohoa kikohozi kirefu cha mzee. Matonya hakucheka. Batholomeo akavua sweta yake mwenyewe, akamfunika, akaketi chini naye, wala hakunena neno lolote la kishujaa.

Mimi nilikuwa jikoni nikisonga ugali. Nikawatazama wanaume watatu, fundi akiwemo, wamemzunguka mbwa kama kamati ya maafa, nikaweka mwiko chini.

"Kitendawili!"

"Tega," wakajibu, hata kwa unyonge wao.

"Dada na kaka wamevaa nguo zilizofanana. Dada karudi mkavu, kaka kalowa tumbo."

"Ndoo na kata," akasema Anyitike.

"Behewa la maji," akasema Batholomeo. Kwake kila kitu ni behewa.

Matonya akasema wote wawili ni walevi.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Tunakupa Kolo," akasema Matonya.

"Kolo nilikwenda, nikawakuta wale watu waliochorwa mwambani, wote uchi. Hakuna wa kuniazima koti."

"Chukua Haneti."

"Haneti nilikwenda, nikashiba, nikarudi na baridi yangu."

"Basi beba Dodoma nzima, pamoja na Bunge!"

"Huko makoti yako mengi, ila hakuna anayelivua lake."

"Unataka mji gani, mama Erica?" Batholomeo akauliza kwa uchovu.

Nikanyoosha kidole kwenye msumari wa ukutani. "Ule wenye vifungo sita vya shaba."

Wote watatu wakageuza shingo. Pale lilining'inia koti la reli, zito, la buluu, alilolivaa miaka ishirini na tisa stesheni, na baada ya hapo kila Jumapili ya baridi.

"Hilo nimeagiza nizikwe nalo," akasema polepole.

"Utazikwa na mbele yake, baba Erica. Watu wakikuaga wanakutazama mbele. Mgongo mpe Injini."

Akalishusha mwenyewe. Akalikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. Injini akakohoa tena.

"Kata, fundi."

"Mzee, nikate kweli?"

"Kata kabla sijabadili mawazo!"

Na jibu ndilo hili: mbwa jike na mbwa dume. Mungu alimwekea dume bomba lake tumboni, naye fundi akalifungia vifungo. Kwa hiyo safari hii Injini alipimwa upya, amesimama. Mgongo wa koti ukakaa mgongoni, mkanda mmoja kifuani, wa pili nyuma ya miguu ya mbele, na tumbo likaachwa huru kama Mungu alivyokusudia.

Kesho yake saa mbili asubuhi, upepo ukivuma kwa hasira zake zote, Injini aliiendea nguzo. Akainua mguu. Akafanya kazi yake. Batholomeo akapiga goti vumbini, akapapasa pindo la kushoto, akapapasa la kulia, kisha akainua mkono juu, ule mkono uliosimamisha treni.

"KAVU!"

Anyitike akalia. Matonya akavua kofia. Kuku wakampisha Injini njia, na iandikwe kwamba toka saa hiyo hakuvuja tena. Mwezi wa tisa ulipofika alikuwepo kuupokea, na manyoya yake.

Naye Batholomeo bado huvaa koti lake kanisani, vifungo vyote sita vikimeremeta. Ila siku hizi huwahi benchi la mwisho kabisa, mgongo ukutani. Jenifa wa ukaribishaji akimwambia, "Babu, njoo mbele na wazee wenzako," yeye hujibu, "Hapa panatosha, mwanangu."

Basi, kitendawili: koti moja, mabwana wawili, na wote wawili wamependeza.

Miji yenu kaeni nayo. Jibu limelala mlangoni kwangu, linakoroma, na ni kavu.