Diwani Hanratty na Kura za Akina Mama

Alhamisi, 2 Aprili 1914. Chicago.

Diwani Hanratty ametuita nyuma ya baa yake, sisi wajumbe wake wa mitaa. Uso umempauka. Jumanne wanawake watapiga kura ya udiwani kwa mara ya kwanza, na mpinzani wake ni Bi Delia Scanlan, mkunga. Mkunga! Miaka yote kata hii ni yetu. Sisi tunawapa makaa wakati wa baridi, wao wanatupa kura. Mimi mwenyewe ni mkaguzi wa mabirika ya kunyweshea farasi, kazi ya jiji, na sijawahi kukaribia birika. Nikamtuliza mzee. Nikasema mke hupiga kura anakoelekezwa na mumewe. Tuohy, mjumbe wa mtaa wa pili, akacheka kwa pua. Akauliza kama Honora, mke wangu, ana habari hiyo. Wivu tu.

Jioni habari ilikuwa imeshamfikia Honora. Mke wa Tuohy ana mdomo. Nimekula viazi baridi.

Ijumaa, 3 Aprili

Mpango wangu: soseji kwa kila nyumba, salamu za Diwani. Nimepanda ngazi za mtaa mzima. Akina mama wanapokea kwa vidole viwili, kama wameshikishwa panya. Mjane Breen ndiye aliyenifumbua macho. "Fintan Mulqueen, leo Ijumaa, tena Kwaresima, nawe unatuletea nyama. Diwani wako anataka kura zetu au anatutakia jehanamu?"

Nani anakumbuka Kwaresima wakati wa uchaguzi?

Tuohy amegawa samaki.

Jumapili ya Matawi, 5 Aprili

Padri kahubiri juu ya wanaowajaribu waumini kwa nyama. Hakutaja jina. Kanisa zima likageuka kunitazama.

Baada ya misa akina mama wamemzunguka Bi Scanlan, wanamlilia habari za takataka zinazooza uchochoroni. Nikajipenyeza, nikamwuliza mkunga anajua nini kuhusu kuendesha kata. Akasema taratibu, "Wewe mwenyewe nilikuzalisha, Fintan. Ulitanguliza makalio. Naona hujabadilika."

Wamecheka wote. Honora zaidi ya wote.

Jumanne, 7 Aprili

Nilileta wanaume kutoka nyumba ya wageni kule mtoni, wapige kura kwa majina ya marehemu. Ni desturi. Marehemu wa kata hii hawajawahi kutuangusha. Wa kwanza nikampa jina la Timothy Breen, Mungu amrehemu. Hakuna aliyeniambia kwamba safari hii wanawake nao wanakaa mezani kuhakiki majina. Na mezani alikuwa mjane Breen.

Mtu wangu akalitamka jina. Mjane akaweka kalamu chini, akamtazama juu hadi chini. "Karibu, mume wangu. Umenenepa huko ulikokuwa. Haya, twende nyumbani, paa linavuja tangu tulipokuzika."

Alitoka mbio. Wenzake nyuma yake.

Jioni matokeo yakaja. Tumeangushwa, tena vibaya. Mtaa wangu, mtaa wa Tuohy, yote. Diwani alikaa juu ya pipa. Mkewe akaja kumwita chakula cha jioni. Mzee akamwuliza mkewe, nadhani apate faraja tu, amempigia nani. Mama wa watu akampapasa bega. "Kura ni siri, mzee wangu."

Mimi sikuthubutu kumwuliza Honora.

Jumatano, 8 Aprili

Kazi ya mabirika imekwenda. Wameniambia mlangoni pa ofisi ya jiji, hata kuingia sikuingia. Kurudi nikamwona Tuohy akimbebea Bi Scanlan mkoba. Jana tu alikuwa mtu wa Hanratty. Watu hawana haya. Tena kaniwahi.

Alhamisi, 9 Aprili

Honora kanituma kwa Bi Scanlan, kofia mkononi. Nikamweleza mama uzoefu wangu wote. Akasikiliza hadi mwisho, akanipa fagio. Nianze na uchochoro wa nyuma. "Na ufagie kweli, Fintan." Honora anasema nishukuru, na nijifunze.

Nimejifunza. Uchochoro ni mrefu, mfagiaji mmoja hatoshi. Nimeshawaahidi ndugu wawili wa ukoo wa Kilbride kazi ya kusukuma toroli, nao wameapa ukoo mzima utanipigia kura.

Diwani Mulqueen. Linasikika vizuri.