Sifa Zangu Kwenye Kompyuta ya Maziwa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wiki ya tatu, na kompyuta ya kupokelea maziwa ya wakulima hapa Dundori bado ina wazimu. Programu ni ya 1991, imeandikwa kwa lugha ya mashine yenyewe. Rahab wa mizani akibonyeza kitu wakati inahifadhi, herufi zinarukia jina la mkulima anayefuata. Leo mzee Kahiga ameandikwa 77KAHIGA. Amefoka! Nimemwambia meneja, Madam Mugure, kwamba ni vumbi. Nimepangusa. Nimepangusa tena.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Fancy, wa juzi tu kutoka chuoni, amepata jibu. Eti mashine ikiwa na shughuli, herufi hazipotei, zinapanga foleni kwenye kumbukumbu. Dawa ni kuimwaga foleni kabla ya kuuliza jina. Mistari minne! Alhamisi atamwonyesha Madam, na akimridhisha, ndiye fundi mkuu. Fundi mkuu si mimi? Karibu niwe.

Jumatano, 5 Machi
Nina mpango. Fancy lazima aanze kwa kuonyesha ule ubovu. Mashine ikihifadhi, nitachapa kwa siri sifa yangu: MICAH HANA KAZI MBAYA. Foleni itayatema maneno hayo mbele ya Madam. Nimefanya mazoezi juu ya meza mpaka Rahab akauliza kama naumwa vidole.

Alhamisi, 6 Machi
Nilichapa vizuri. Haraka! Karibu na mwisho mashine ikalia pii, mara sita. Nikadhani inashangilia. Wote wakageuka. Kwenye kioo: MICAH HANA KAZI.

Fancy akasema taratibu, "Foleni inabeba herufi kumi na tano tu, Madam. Zinazozidi zinatupwa. Asante, Micah, kwa mfano."

Madam akasoma mara mbili. "Basi hiyo mashine ni nzima," akasema. "Inasema ukweli."

Rahab alicheka mpaka akashikilia mizani.

Ijumaa, 7 Machi
Sijafutwa. Naosha mitungi. Maji ya asubuhi huku juu ni barafu! Fancy amepewa meza yangu na kiti kinachozunguka. Alikuja kuuliza kama nahitaji glavu. Dharau! Nilizichukua.

Kwenye mtungi wa saba nikaelewa kila kitu. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la kibodi. Kesho Fancy yuko Nakuru, na Rahab atachapisha risiti za wakulima wote mia mbili. Karatasi haibani mtu. Nimeshatunga sifa zangu za kuchapwa humo. Ukurasa mzima.